Jasho, moto wa ghafla na lile sweta jeusi

Ilikuwa saa nne asubuhi, watu kama kumi hivi tumekaa mezani, zamu yangu ya kusoma taarifa imefika, nikafungua mdomo na hapohapo nikausikia unakuja, ule moto wa ghafla wa kukoma hedhi. Wenye nao mnajua. Unaanzia katikati ya kifua kama mtu kawasha jiko chini ya mbavu, unapanda shingoni, unashika mashavu, masikio yanawaka, alafu moyo unaanza kwenda mbio wakati umekaa tu kwenye kiti hujakimbia popote. Nikajikaza nikaendelea kusoma. Kufika ukurasa wa pili jasho lilikuwa linatiririka toka kwenye nywele, likapita nyuma ya sikio, likafika kidevuni, tone moja likadondoka juu ya karatasi likatawanya wino palepale kwenye tarakimu niliyokuwa nataka kuitaja. Kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, uko sawa? Nikuletee maji?" Nikasema ni kahoma kidogo tu.

Sasa kilichonichekesha baadae (siku ile sikucheka) ni kwamba muda wote huo nilikuwa nimevaa sweta. Sweta jeusi, zito, mikono mirefu, nimefunga vifungo mpaka juu. Nilikuwa nimelivaa kwasababu blauzi ya ndani ilishalowa tangu naingia na sikutaka mtu aone mabaka ya kwapani na mgongoni. Yaani nilikuwa naficha jasho kwa nguo inayoniongezea jasho, na sikufanya hivyo siku moja, nilifanya karibu miaka minne.

Mi nina miaka 58. Hedhi yangu ya mwisho niliipata nikiwa na 52, japo mwisho wenyewe huujui siku unapotokea, unakuja kuujua baadae ukishahesabu miezi 12 mfululizo bila kuona kitu, ndo wanasema sasa umekoma. Wengi inawatokea kati ya miaka 45 na 55 kwahiyo nilikuwa ndani ya kundi, hamna cha ajabu. Nilifurahi sana, nikagawa pedi zote zilizobaki ndani, nikajiona nimestaafu. Moto ulikuwepo kidogo kidogo tangu kabla ya hapo, usiku mmoja mmoja, ila baada ya kukoma ndo ukahamia rasmi na mizigo yake.

Na kila niliyemweleza alinijibu neno moja, itapita. Shangazi, itapita. Rafiki, itapita. Daktari wa kwanza niliyemwona alikaa na mimi muda mfupi kuliko niliokaa kwenye foleni, akasema "ni umri huo mama, itapita," akaita mwingine. Sasa kupita itapita, hata mvua inapita, swali ni lini. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa SWAN, ulianza mwaka 1996 ukawafuatilia wanawake kwa miaka na miaka, na matokeo ya hii habari ya moto yakatoka 2015. Kwa wale waliokuwa wanaupata mara kwa mara, ukiwapanga mstari, yule wa katikati alikaa nao miaka 7.4, na ukihesabu kuanzia hedhi ya mwisho tu ni kama miaka 4.5. Huyo ni wa katikati, maana yake nusu nzima walizidi hapo. Wanawake weusi kwenye utafiti huo ndo walikaa nao muda mrefu kuliko wote, miaka 10.1. Niliposoma hiyo namba niliweka simu chini nikazunguka zunguka sebuleni. Miaka kumi! Mtoto anazaliwa, anatambaa, anaota meno, anang'oka meno, anafika darasa la nne, we bado unajipepea na bahasha.

Usiku ndo ulikuwa mbaya zaidi na hapa nitakaa kidogo mana watu wanaliongelea hili jambo kama ni suala la jasho tu, wakati jasho ni dogo, kubwa ni usingizi. Nilikuwa naamka mara tatu, mara nne, shingo imelowa, gauni la kulalia limeganda mgongoni, mto unanuka. Mezani pembeni ya kitanda nilikuwa na magauni mawili ya akiba yamekunjwa, na taulo juu ya mto, mpangilio kama wa mtu mwenye kichanga. Unabadilisha gizani, unalala, unaanza kusinzia, linakuja lingine. Asubuhi unaenda kazini ukiwa na saa nne za usingizi wa vipande vipande, unasahau jina la mtu uliyefanya nae kazi miaka kumi, unamfokea mtu kwasababu kafunga mlango kwa nguvu. Nikaanza kudhani akili inaniacha. Na mume wangu nae, maskini, nilikuwa nalisukuma blanketi lote kwake, alafu baada ya robo saa nalivuta lote kwangu, na akinigusa namwambia usinishike nawaka. Kumbe yeye alikuwa amejiweka moyoni kuwa namkwepa. Alikaa na hilo jambo miezi bila kusema. Suluhisho lilikuja kuwa rahisi mpaka aibu, kitanda kimoja blanketi mbili, kila mtu na lake, na feni upande wangu. Lakini maongezi yaliyotufikisha kwenye hizo blanketi mbili hayakuwa rahisi hata kidogo.

Kichwa changu kilikuja kufunguka kwa daktari wa pili, mwanamke, mtu mzima kama mimi. Nilimwambia nyumba yangu ina joto sana. Akaniangalia akasema, "Mama, wewe huna joto. Ubongo wako ndo unadhani una joto."

Alivyonieleza ni hivi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, hiyo ndo msimamizi wa joto la mwili. Kwa kawaida ina uvumilivu, joto la ndani likipanda au kushuka kidogo haishtuki. Kuna mtafiti anaitwa Robert Freedman aliwahi kuipima hiyo nafasi ya uvumilivu, yaani umbali kati ya kiwango ambacho mtu anaanza kutoka jasho na kile anachoanza kutetemeka kwa baridi, kwa wanawake wasiosumbuliwa na moto akakuta ni kama nyuzi 0.4 za Selsiasi, kwa wanaosumbuliwa akakuta sifuri. Sifuri kabisa. Kwahiyo kikombe cha kahawa, ngazi za ghorofa moja, kukumbuka tu kuwa kesho una kikao, ushavuka mpaka.

Na kisa cha kupotea huo uvumilivu ni estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma. Kuna kikundi cha seli za neva humo ndani ambacho estrojeni ilikuwa inakituliza miaka yote, ikiondoka zile seli zinanenepa na kuanza kupiga kelele, zinatumia kemikali inaitwa nyurokinini B kupeleka taarifa kwamba nyumba inaungua. Mwili nao ni mtiifu, unafungua mishipa ya kwenye ngozi, damu inakimbilia juu, mapigo yanaongezeka, jasho linamwagwa. Inachukua dakika moja hadi tano hivi. Sasa kwakuwa hakukuwa na moto wowote tangu mwanzo, umeupoza mwili uliokuwa sawa, unabaki umelowa na meno yanagongana. Ndo maana blanketi unalipiga teke saa nane usiku na saa nane na robo unalitafuta kwa mguu.

Nilivyoelewa hilo nikaona kwanini mambo yangu yote hayakufanya kazi, nilikuwa napigana na hali ya hewa. Madirisha, maji ya barafu, kuoga mara tatu, feni ya mkononi. Pia nilikuwa nimenunua vidonge vya mimea mtandaoni, kopo zuri lina picha ya mwanamke anacheka shambani, mwezi wa kwanza niliapa kuwa vinasaidia, nikawaambia na wenzangu, mwezi wa pili moto ukarudi palepale na kopo likawa limeisha. Daktari hakunicheka. Akasema kwenye majaribio ya dawa za moto hata wanaopewa kidonge kitupu kisicho na kitu ndani huwa wengi wanapata nafuu kwa muda, kwahiyo sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimepata nafuu ya kopo. Chama cha madaktari wa mambo haya kule Marekani, The Menopause Society, mwaka 2023 kilitoa mwongozo wa tiba zisizo za homoni na kimeandika wazi kuwa hakipendekezi virutubisho, wala soya, wala kupumua taratibu, wala mbinu za kujipoza kama tiba ya moto, ushahidi hautoshi. Cha kupunguza uzito kimo, kwa wenye uzito uliozidi. Na sigara inajulikana kuwa inaongeza.

Kwenye feni mi nabishana nao kidogo. Ni kweli haipunguzi idadi ya moto hata mmoja, lakini feni inakutoa kwenye kikao ukiwa bado mtu. Hizo ni hesabu tofauti. Hata mavazi, niliacha blauzi za poliesta zote, nikawa navaa fulana nyepesi ndani na kitu cha wazi juu cha kuvua haraka, na kwenye mkoba kuna fulana nyingine kavu kwenye mfuko. Na kitu ambacho sikukijua mpaka uzee huu, deodoranti inaua harufu tu, jasho linatoka kama kawaida. Ya kuzuia jasho ni nyingine, ina chumvi za alumini ambazo zinaziba vitundu vya jasho, na inapakwa usiku kwenye ngozi kavu kabla ya kulala, mi miaka yote nilikuwa napaka asubuhi nikitoka kuoga, kwapa bado bichi. Ilisaidia kwapani. Kichwa na kifua viliendelea na kazi yao.

Jambo jingine la huyu daktari, na hili naomba wasomaji wangu mlisome mara mbili, hakukubali tu kwa mdomo wangu kuwa ni kukoma hedhi. Alinipima tezi ya shingo, maana ikifanya kazi kupita kiasi nayo inatoa jasho na mapigo ya moyo hivihivi. Akapima sukari, presha, akataka orodha ya dawa zote ninazomeza, kuna dawa za msongo wa mawazo na nyinginezo zinaleta jasho zenyewe. Akaniuliza kama nimepungua uzito bila sababu, kama nina homa, kikohozi kisichoisha, uvimbe shingoni au kwapani. Jasho la usiku la kulowesha shuka likija na hayo linaweza kuwa kifua kikuu, linaweza kuwa saratani ya tezi za limfu, na kuna wanawake wamekaa nyumbani wakisema ni umri. Akaongeza, ukiona damu yoyote ukeni baada ya kuwa umeshakoma, hata tone, unakuja, hausubiri. Vipimo vyangu vilitoka safi.

Ndo tukafika kwenye tiba ya homoni, yaani kurudishiwa estrojeni kwa dawa, na mi nikaanza kurudi nyuma kwenye kiti. Nilikuwa na hofu ile ya watu wa rika langu, mwaka 2002 utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamisha sehemu ya estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni, homoni nyingine ya kike) kabla ya wakati kwasababu saratani ya matiti ilionekana kuongezeka, na magonjwa ya moyo na kiharusi, dunia nzima wanawake wakatupa vidonge. Daktari akasema habari ni ya kweli ila isome mpaka mwisho. Wale wanawake wastani wa umri wao ulikuwa kama 63, wengi walikuwa wameshakoma miaka mingi nyuma. Walipokuja kuchambua upya kwa umri picha ikabadilika, na msimamo wa wataalamu sasa ni kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu kukoma, na hana kizuizi, faida kwa kawaida inazidi hatari. Vizuizi vyenyewe ni kama saratani ya matiti, damu iliyowahi kuganda kwenye mishipa, kiharusi, ugonjwa wa ini, au damu ukeni isiyojulikana inatoka wapi. Na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, lazima na projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi unajijenga hovyo mpaka unaweza kuleta saratani.

Nilichukua miezi mitatu kuamua. Miezi mitatu ya jasho, sijui nilikuwa namsubiri nani. Mwisho nikachagua kibandiko cha kwenye ngozi, unabandika chini ya kitovu upande mmoja, unabadilisha mara mbili kwa wiki, pamoja na kidonge cha projesteroni usiku. Kibandiko kwasababu estrojeni ikipita kwenye ngozi haionekani kuongeza hatari ya kuganda damu kama ile ya kumeza, na mi miguu yangu ina historia ya mishipa mishipa. Wiki mbili za kwanza hamna kitu, nikamsengenya daktari. Matiti yakauma kidogo. Wiki ya tano nikaamka asubuhi nikaona mwanga dirishani nikashtuka nikadhani nimechelewa kitu, kumbe nimelala usiku mzima. Nilikaa pale kitandani nikashika mto, mkavu. Sijawahi kuupenda mto kiasi kile.

Lakini dawa yangu sio dawa ya kila mtu, mfano ni mdogo wangu wa kuzaliwa. Yeye alitibiwa saratani ya matiti, akawekwa kwenye tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, na tamoksifeni yenyewe inaleta moto kama huu huu, akanipigia saa tisa usiku analia, "Dada, nimekufa na jasho." Homoni kwake hapana. Alipewa venlafaksini dozi ndogo, dawa ambayo kwa kawaida ni ya msongo, imeonekana inapunguza moto. Kuna ndugu yake inaitwa paroksetini, hiyo ndo ilipitishwa Marekani mwaka 2013 rasmi kwa ajili ya moto, ila kwa mwenye tamoksifeni haifai mana inazuia kimeng'enya ambacho mwili unakitumia kuifanya tamoksifeni iwe na nguvu, unatibu jasho unaharibu ulinzi wa saratani. Kama unatumia tamoksifeni taja hilo kabla hujaandikiwa chochote. Zipo na gabapentini, ambayo kwa kawaida ni ya kifafa na maumivu ya neva, na oksibutinini, ambayo kwa kawaida ni ya kibofu. Alafu mwaka 2023 ikaja fezolinetanti, ambayo inaenda moja kwa moja kuziba masikio yanayopokea ile nyurokinini B, haina homoni ndani, nilipoisoma nikasema hatimaye mtu kaenda kuzima king'ora chenyewe. Ila nayo ni ya kupima ini kabla na wakati unatumia, mwishoni mwa 2024 Marekani wakaiwekea onyo lao kali kabisa kwenye maelezo ya dawa kuhusu ini.

Mdogo wangu alipelekwa pia kwenye tiba ya mazungumzo, ile ya kufanyia kazi fikra na tabia, wanaiita CBT. Alienda amenuna. Kwenye huo mwongozo wa 2023 imo kati ya vinavyopendekezwa, na hata hipnosisi ya kitabibu imo, ile ya kumtuliza mtu akazama kwenye maneno ya mtaalamu, mi nilicheka nikidhani wanatania lakini wapo serious kabisa. Alichoniambia akitoka kikao cha tatu ndo kilinichoma. Walimwambia aandike anachojiambia moto unapoanza. Akaandika, wote wananiangalia, wote wanajua, nanuka, nimezeeka, lazima nitoke. Moto wenyewe dakika tatu, hayo maneno yanakaa nae mchana kutwa, na yale maneno yanapandisha mapigo, na mapigo yanaita moto mwingine. Nilikuwa namsikiliza kwenye simu nikiwa nimelishika lile sweta jeusi naenda kulianika.

Wiki ile ile tulikuwa na kikao. Hapo nilikuwa bado sijaanza kibandiko. Sikulivaa. Moto ukaja kama kawaida yake, nikaweka karatasi chini nikasema, "Samahani, huu ni moto wa kukoma hedhi, dakika tatu utaisha, nyie endeleeni kusoma jedwali." Kimya kikatanda, vijana wakaangalia jedwali kuliko walivyowahi kuliangalia maishani. Nikajipepea. Moto ukapita, nikaendelea. Na hakuna kilichotokea, kwakweli, hakuna. Isipokuwa baada ya kikao mzee mmoja wa kitengo chetu, mtu mkavu ambae kwa mwaka mzima hatujaongea zaidi ya salamu, alibaki nyuma akijifanya anakusanya karatasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama, hiyo kitu, je inaweza kumfanya mtu ahame chumba? Mke wangu analala sebuleni tangu mwaka jana. Mi nilijua nimemkosea." Nikakaa tena. Tuliongea dakika arobaini, nikamweleza mpaka habari ya blanketi mbili.

Sasa hivi napata moto mmoja au miwili kwa wiki, midogo, mara nyingi nikiwa na haraka. Mwezi uliopita nilisafiri nikasahau vibandiko nyumbani, siku ya tano tu nikaamka nimelowa, nikakumbuka ninapotoka. Kila mwaka tunakaa na daktari tunaangalia kama bado nahitaji, presha, kipimo cha matiti, siku moja tutapunguza dozi tuone. Sweta kachukua binti yangu, anasema ofisini kwao kiyoyozi kinawagandisha. Nimemwambia alifue mara mbili.